Kutoka Kange hadi korona: siku sita za kuvuta hewa ya udongo Tanga

Simulizi hii imeungwa baada ya kurudi, kutokana na daftari lililolowa pembe moja na picha za simu. Kilichotupeleka ni kisima. Kiko jirani na kiwanda cha zamani cha mkonge, kati ya Muheza na Pongwe, na kila baada ya mvua maji yake hunuka dizeli. Nyuma ya korona, mashine inayokwangua majani ya mkonge kutoa nyuzi, liliwahi kufukiwa tangi la dizeli. Lakini hatua themanini kutoka hapo pana lundo la mabaki ya mkonge lililooza miaka na miaka, na hapo ndipo penye fumbo: mabaki yanayooza na dizeli inayoliwa na bakteria hufanya jambo moja ardhini. Oksijeni hushuka, kabonidayoksaidi hupanda, na hewa ikiisha kabisa hutokea methani. Ukichomeka kipimo ukaona gesi imejaa, bado hujajua ni ya nani.

Jina la shamba halitajwi. Wenyewe walitupokea kwa sharti hilo.

Siku ya 1, Jumatatu. Dar hadi Kange

Basi la saa kumi na mbili asubuhi kutoka stendi ya Magufuli, Mbezi. Nauli 20,000 kwa kichwa, na 5,000 za mzigo baada ya kubishana. Mtungi wa heliamu ulikataliwa mlangoni, na kondakta alikuwa na haki: mtungi wa gesi iliyoshindiliwa haupandi basi la abiria. Ukabaki Dar.

Haukuwa hasara kubwa. Watu hutumia heliamu kusafishia vichupa vya sampuli kabla ya kujaza, lakini hewa ya udongo yenyewe hufanya kazi hiyo. Kichupa cha mililita 12 chenye kizibo cha mpira wa butili huchomwa sindano mbili, moja ya kuingiza na moja ya kutolea. Sukuma mililita 60 taratibu, yaani ujazo wa kichupa mara tano, na hewa ya zamani inayobaki ndani haifiki asilimia moja. Chomoa sindano ya kutolea kwanza, kisha ongeza mililita 8 ili ndani pawe na msukumo kuliko nje. Msukumo huo ni ulinzi: kizibo kikivuja kidogo njiani, hewa yako itatoka lakini ya nje haitaingia. Sindano ziwe nyembamba, geji 23 au 25. Nene hukata kizibo kama kekee.

Chalinze, Mkata, Segera, usingizi. Kuanzia Hale mkonge unaanza kusimama pande zote mbili za barabara, safu kwa safu. Mmea huu aliuleta Richard Hindorf mwaka 1893, na miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kange, stendi ya mabasi ya Tanga, tuliingia saa nane mchana. Wali wa nazi na samaki wa kupaka, 5,000.

Siku ya 2, Jumanne. Barua, mabomba na mipira

Asubuhi nzima ilikwenda kwa mtendaji wa kata na mwenyekiti wa kijiji. Kibali cha utafiti kutoka COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, kiwe kimechapishwa. Cha kwenye simu hakigongwi muhuri. Uliza pia mapema nyaya za umeme na mabomba ya maji yamepita wapi. Mrija wa chuma unaopigwa nyundo hauchagui.

Mchana tulizunguka Ngamiani kukamilisha vifaa. Bomba la sindano la mililita 60 lipo duka lolote la dawa. Koki ya njia tatu, ile ya dripu, nayo ipo. Kilichosumbua ni mpira wa kuunganishia. Duka la kwanza walitupa wa silikoni, laini na mzuri kwa mkono, na haufai kabisa: kabonidayoksaidi hupenya kwenye silikoni kama maji kwenye chandarua. Chukua wa nailoni.

Mrija wenyewe ni wa chuma kisichoshika kutu, urefu mita 1.5, tundu la ndani milimita 4. Chini huzibwa na bolti iliyolegea, nayo hubaki ardhini. Fundi mmoja wa kuchomelea barabara ya kumi na mbili alitukatia bolti ishirini na kuzichonga ncha kwa 10,000. Alipojua ni za kuzikwa alicheka sana, akatuongezea tatu.

Piga hesabu ya hewa mfu, ile iliyomo ndani ya vifaa kabla ya hewa ya udongo kufika, kabla hujalala. Mrija wa mita 1.5 wenye tundu la milimita 4 una mililita 19. Mpira wa mita 1 wenye tundu la milimita 3 una 7. Jumla 26. Kabla ya kuchukua sampuli, vuta na kutupa mara tatu ya hapo, yaani kama 80. Usivute lita nzima kwa kujipa uhakika, maana kila unachovuta kinatoka mahali. Kama robo ya udongo ni nafasi zenye hewa, mililita 100 zinatoka kwenye tufe la nusu kipenyo kisichofika sentimita 5. Lita moja inakwenda karibu sentimita 10.

Siku ya 3, Jumatano. Shamba safi kwanza

Bodaboda tatu hadi shambani, 6,000 kila moja kwa sababu ya mizigo. Hatukugusa tangi. Siku nzima ilikuwa ya mahali ambapo hapajawahi kumwagika kitu, na wengi huiruka siku hii kwa kubana matumizi.

Sababu ni mimea. Kaboni ina isotopu mbili zisizopungua kwa muda, yaani atomi za uzito tofauti kidogo: kaboni-12 nyepesi na kaboni-13 nzito. Uwiano wake huandikwa kwa sehemu kwa elfu, ukilinganishwa na kipimo cha kimataifa kiitwacho VPDB; chini ya sifuri maana yake kaboni-13 ni pungufu kuliko ya kipimo hicho. Mnazi, mwembe, mchungwa na muhogo hukaa karibu na −27. Dizeli hukaa kati ya −26 na −30. Kwa hiyo chini ya minazi kaboni-13 haiwezi kukutenganishia mzizi na mafuta, hata ulipe maabara ghali namna gani. Mahindi, miwa na nyasi nyingi za kwetu ziko −12 hadi −14, na mkonge, unaofungua vinyweleo vyake usiku, unakaribia hapo hapo. Ukipata bahati tangi limefukiwa katikati ya mkonge, kipimo cha bei ndogo kinaanza kusema kitu. Tazama kwanza kilichoota juu, ndipo uamue kupima nini chini.

Namba hizo hazisomeki moja kwa moja kwenye hewa ya udongo. Molekuli nyepesi ya kabonidayoksaidi hukimbia haraka kuliko nzito, kwa hiyo inayobaki udongoni huwa nzito kuliko iliyotolewa kwa angalau 4.4 kwa elfu. Mkonge wa −13 utakupa hewa ya −9 hivi, na dizeli ya −28 itakupa −24 hivi. Hewa ya nje, kwa kulinganisha, iko karibu na −8.5. Hapo una mtego mwingine: sampuli ya mkonge iliyovuja ikaingiwa na hewa ya nje itaonekana haina kasoro. Atakayekuambia ni kiasi cha kabonidayoksaidi. Hewa ya nje ina asilimia 0.04 tu.

Utaratibu wa kila shimo: piga mrija kwa nyundo ya kilo 4 hadi mita 1. Mwagia udongo wa mfinyanzi uliokandwa kuzunguka shingo, ukandamize kwa kisigino. Inua mrija sentimita 5. Bolti inabaki chini na mdomo unafunguka. Funga koki, subiri nusu saa udongo utulie. Kisha jaribu kama kuna uvujaji: koki ikiwa imefungwa, vuta bomba la sindano, shikilia dakika moja, achia. Likirudi lilipotoka, viungo vimeshika. Likibaki njiani, kuna mahali panapopumua. Mara mbili kati ya sita ilikuwa koki yenyewe.

Ukifungua koki na bomba likavutwa nyuma mkononi kama kuna mtu upande wa pili, ni mfinyanzi uliolowa. Usishindane nalo. Toa mrija, sogea mita moja.

Kwenye mkonge safi tulisoma kabonidayoksaidi asilimia 0.9, oksijeni 19.9. Ndivyo udongo unavyopumua ukiwa hauna shida.

Siku ya 4, Alhamisi. Nyuma ya korona

Mrija wa kwanza uligonga jiwe kwa sentimita 60. Wa pili vivyo hivyo, ukapinda. Mzee mmoja aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe alisimama kututazama kitambo, akaja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Mnatafuta tangi? Haliko hapo. Hapo ni msingi wa kinu."

Alikuwa fundi wa mashine hapo ujanani. Alihesabu hatua kutoka kwenye nguzo ya zege, akachora mstari kwa panga, akaenda kwake akarudi na mtaimbo. Kwa mtaimbo unatoboa tabaka gumu la juu kwanza, sentimita 40 hadi 50, kisha mrija unaingia bila kupinda. Hakutaka malipo; alikubali soda. Mrija uliopinda ulinyooshwa jioni Ngamiani kwa 5,000.

Mashimo tisa hadi jioni. Kipimo cha mkononi kinachosoma methani na kabonidayoksaidi kwa mwanga wa infraredi, na oksijeni kwa seli ya kikemia, kinatosha. Ila weka kinasa maji kabla ya mpira kuingia mashineni, kwa sababu hewa ya udongo imeshiba unyevu na tone moja huharibu kazi ya siku. Tahadhari nyingine inahusu maisha. Vipimo vya bei nafuu vya gesi inayolipuka huunguza gesi kwenye kishanga chenye joto, na kuunguza kunataka oksijeni. Juu ya tangi, oksijeni ilikuwa 0.8 na methani 7.2. Kipimo cha kishanga tulichoazima kilionyesha karibu na sifuri. Methani ikichanganyika na hewa hulipuka kuanzia asilimia 5 hadi 15, na kipimo kama hicho hakiwezi kukuonya. Hakuna sigara, hakuna msumeno wa cheche.

Namba tatu zinafaa kuwekwa sambamba. Shimo namba 4, kando ya tangi: kabonidayoksaidi 8.1, oksijeni 8.4. Namba 9, kwenye lundo la mabaki: 11.0 na 9.6. Namba 7, katikati, njia ya kwenda kisimani: 9.6 na 9.2.

Hewa ya kawaida ina oksijeni 20.9. Kwa namba 4 imepotea 12.5, ukigawa kwa 8.1 ni 1.5. Kwa namba 9 imepotea 11.3, ukigawa kwa 11.0 ni kama 1. Bakteria wakila sukari na nyuzi za mmea hutumia oksijeni moja kwa kila kabonidayoksaidi moja. Wakila dizeli, isiyokuja na oksijeni yake, hutumia moja na nusu. Ni hesabu ya kufanyia chini ya mwembe kwa kalamu, na inasaidia kuchagua shimo la kupelekea fedha. Isiwe hukumu. Kabonidayoksaidi huyeyuka kwenye maji na kutoroka hesabu, na methani ikiungua udongoni hula oksijeni mbili. Namba 7 ilitoka 1.2. Haikusema chochote, na ndiyo tuliyoihitaji iseme.

Mama mwenye kisima alitupelekea sinia la mihogo ya nazi saa tisa alasiri, na kila mtu dafu lake. Maji ya kisima tulinusa naye. Siku kavu hayanuki.

Siku ya 5, Ijumaa. Mvua

Ilinyesha kuanzia alfajiri. Mvua ya kuzidi milimita 12 hivi huziba nafasi za juu za udongo, na hewa iliyo chini hupanda namba bila kosa la tangi. Subiri angalau siku moja, na mfinyanzi hutaka zaidi. Siku ilikwenda kwa chai ya maziwa, mkate wa ufuta na kuandika upya lebo. Kalamu ya wino hufutika kwa jasho. Penseli juu ya tepu ya karatasi haifutiki.

Siku ya 6, Jumamosi. Mwambani, maji yakijaa

Kabla ya kurudi kwenye namba 7, ilibidi kujua jiwe linachangia nini. Upande huu wa Tanga ni nchi ya chokaa. Mapango ya Amboni yamechongwa kwenye chokaa ya enzi ya Jurasi, na pwani pana matumbawe yaliyoinuka. Mawe hayo yote yamepita miaka 50,000, umri wa mwisho ambao kaboni-14, isotopu ya tatu ya kaboni, bado hupimika. Na hapa ndipo kipimo hicho cha ghali kinapoweza kudanganywa.

Kaboni-14 hupungua nusu kila miaka 5,730. Mmea ulio hai unayo, mabaki ya mkonge ya miaka thelathini bado yanayo, dizeli ya mamilioni ya miaka haina hata chembe. Chukua kiasi cha sampuli, gawa kwa kiasi cha shamba safi, toa kwenye moja: hiyo ndiyo sehemu ya kaboni mfu. Tuseme safi ni 101 na sampuli ni 30. Kaboni mfu ni asilimia 70. Lakini chokaa nayo ni mfu, na maji yenye asidi huiyeyusha na kuachia gesi yake. Anayekuokoa ni kaboni-13, kwa sababu chokaa ya bahari iko karibu na 0. Asilimia 70 ya dizeli ikichanganyika na 30 ya mkonge itatoa kama −19. Asilimia 70 ya chokaa itatoa namba iliyo karibu na 0. Namba mbili hizo hazichanganywi na mtu.

Ila kama kuna methani, soma kwa uangalifu. Bakteria wa methani huchukua kaboni nyepesi, na kabonidayoksaidi inayobaki huwa nzito mno, hata kupita sifuri. Dizeli inaweza kuvaa kanzu ya chokaa. Ndiyo maana methani ipimwe kwenye kichupa hicho hicho, na asiyekuwa na fedha za vyote viwili asianze na kaboni-13 peke yake mahali penye methani. Kaboni-14 yenyewe maabara huisahihisha kwa mabadiliko hayo.

Mwambani ilikuwa siku ya bamvua, bahari inapopwa na kujaa kupita siku nyingine. Maji kupwa saa tano asubuhi, kujaa saa kumi na moja jioni, tofauti ya zaidi ya mita tatu. Bahari ikijaa husukuma maji ya chini ya ardhi karibu na ufuko, nayo husukuma hewa iliyo juu yake. Kanieneo la hewa ukanda wetu nalo lina saa zake: hufika juu saa nne asubuhi na chini saa kumi jioni, tofauti ya milibari mbili hadi nne kila siku, mvua isiponyesha. Likishuka, udongo hutoa pumzi. Siku ya bamvua vyote viwili husukuma juu mchana ule ule. Shimo moja kwenye mchanga wa matumbawe lilisoma kabonidayoksaidi 1.1 saa tano na 1.9 saa kumi na moja. Mfinyanzi wa shambani hausikii hivyo, lakini andika saa kwa kila sampuli.

Mvuvi aliyekuwa akishona nyavu alitulindia vifaa wakati wa adhuhuri. Pweza wa kuchoma, 3,000 kwa sahani.

Jioni hiyo hiyo tulirudi shamba kwa bodaboda, udongo ukiwa umekauka siku nzima. Namba 7 ilisoma 9.4 na 9.3, karibu na Alhamisi. Kipimo cha kaboni-14 kwa kiongeza-chembe, mashine inayohesabu atomi zenyewe, kinataka kaboni miligramu 1, sawa na mililita 2 za kabonidayoksaidi tupu. Kwa asilimia 9.4 hiyo ni mililita 22 za hewa. Kwa shamba safi lenye 0.9 ni zaidi ya 220, na hapo vichupa havitoshi, unahitaji mfuko wa foili wa lita moja. Mifuko myeupe ya plastiki isikae na sampuli zaidi ya siku moja au mbili.

Kurudi

Barani Afrika maabara yenye mashine hiyo ni iThemba LABS, Johannesburg. Boksi lilikaa siku mbili Dar kwa sababu fomu iliandikwa "gesi", neno linaloogopesha kila kaunta ya usafirishaji. Andika "sampuli za hewa ya udongo, mililita 20 kila moja", taja asilimia ya methani, ambatisha barua. Humo weka pia vichupa viwili vya hewa ya nje ya Tanga na kimoja kisichofunguliwa. Kama cha hewa ya nje hakitarudi na −8.5 au karibu yake, kuna kosa njiani au mashineni, na namba nyingine hazina kazi.

Vichupa vya juu ya tangi, vyenye methani nyingi, havikupanda ndege; tulivifungua nje mahali pa wazi, namba zake zikabaki daftarini. Vitatu vya namba 7 viko juu kabisa ya boksi, vimezungushiwa tepu nyekundu, vipimwe kwanza.